Akaunti ya NCAA Eligibility Center: tathmini ya mwalimu wa Iten kwa wazazi wa watoto wanaokimbia

Matokeo ya KCSE yakishatoka, wazazi wa hapa Iten huanza kunipigia simu na swali moja: SAT, ule mtihani wa kuombea nafasi katika vyuo vya Marekani, unafanyiwa wapi na ni pesa ngapi? Wanaouliza ni wazazi wa watoto wanaokimbia. Kuna mtu ameshawaambia kwamba mtoto hapati ufadhili wa riadha Marekani bila alama za SAT, na aghalabu mtu huyo huyo ana kozi ya kuwauzia. Mimi nafundisha hisabati katika shule ya kutwa na jioni nasimamia timu ya mbio za nyika. Juzijuzi nimemsaidia mpwa wangu kupitia makaratasi haya yote, kwa hiyo nimeona niandike tathmini ya huduma yenyewe inayoamua mambo. Hiyo ni akaunti ya NCAA Eligibility Center, ofisi ya NCAA (chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani) iliyoko Indianapolis, ambayo husema nani ameruhusiwa kukimbia katika mwaka wake wa kwanza chuoni. SAT na Khan Academy, tovuti ya masomo ya bure, nitazigusa pia, maana huko ndiko pesa za watu zinakopotelea.

La kwanza kabisa: Januari 2023 NCAA iliondoa sharti la alama za SAT na ACT (mtihani mwenza wa SAT) katika kuamua nani anastahili kushindana Divisheni ya Kwanza na ya Pili, yaani madaraja mawili ya juu ya michezo ya vyuo. Sharti hilo halipo tena. Anayekuuzia kozi kwa madai kwamba bila SAT mtoto hawezi kuidhinishwa anakuuzia kanuni iliyokwisha kufutwa.

Naelewa kwa nini watu bado wanaamini hivyo, kwa sababu kanuni hiyo ilidumu kizazi kizima. Mwaka 1983 NCAA ilipitisha Pendekezo la 48, likaanza kutumika 1986: mwanafunzi awe na GPA, yaani wastani wa gredi, ya 2.0 katika masomo 11 ya msingi na alama 700 za SAT. Hiyo ndiyo miaka Peter Rono alipokuwa chuo cha Mount St. Mary's kule Maryland na Paul Ereng alipokuwa Chuo Kikuu cha Virginia, wote wawili wakarudi na dhahabu za Olimpiki ya Seoul 1988. Mwaka 1989 kanuni ilipotaka kukazwa zaidi, kocha John Thompson wa mpira wa vikapu wa Georgetown alitoka uwanjani mchezo ulipokuwa unaanza, kupinga kile alichoona ni kuwafungia mlango vijana maskini, wengi wao weusi. Baadaye ukaja mizani wa kupanda na kushuka, kwamba GPA ikipanda alama za SAT zinazohitajika zinashuka. Kwa hiyo mzee aliyesoma huko miaka ya tisini akimwambia kijana "kazana na SAT", anasema alichokiishi yeye. Wakala wa leo hana udhuru huo, maana kazi yake ni kujua kanuni.

Sasa huduma yenyewe. Ukiingia kwenye tovuti unakuta aina kadhaa za akaunti. Ya bure inakupa ukurasa wa wasifu na namba ya utambulisho ya NCAA, ile ambayo makocha huiomba mapema katika mazungumzo. Ya kulipia ndiyo inayokagua masomo na hadhi ya uridhaa, yaani kwamba mtoto si mchezaji wa kulipwa. Ada ya mwanafunzi wa kimataifa ni kubwa kuliko ya Mmarekani na inalipwa kwa dola. Sisi tulilipa kwa kadi ya M-Pesa GlobalPay, bila kumtafuta mtu mwenye kadi ya benki wala kumlipa mwenye saiba kitu cha juu.

Hapa ndipo ninapotaka mzazi atulie asome mara mbili. Ukaguzi haukamiliki kwa sababu umelipa. Unakamilika pale chuo cha Divisheni ya Kwanza au ya Pili kinapomwingiza mwanafunzi kwenye orodha ya wale kinaowahitaji. Kama hakuna kocha anayemtaka bado, kulipa mapema hakumsogezi mbele hata hatua moja. Fungua ya bure, pata namba, tuma muda wake wa mbio kwa makocha. Akitokea kocha wa kweli, hapo ndipo unapolipa, na akaunti ile ile ya bure unaigeuza kuwa ya kulipia. Kwa familia inayouza maziwa ili ilipe karo, huo si ushauri mdogo.

Masharti ya masomo yenyewe ni haya kwa Divisheni ya Kwanza: masomo 16 ya msingi na GPA isiyopungua 2.3 katika masomo hayo. Divisheni ya Pili ni 2.2. Miaka minne ya Kiingereza, mitatu ya hisabati, miwili ya sayansi, miwili ya masomo ya jamii, na iliyobaki inajazwa kutoka makundi hayo na mengine yanayokubalika. Mwanafunzi wetu aliyesoma Kiingereza, hisabati, biolojia, kemia, historia au jiografia kwa miaka minne anayafikisha bila kuhangaika. Muziki, sanaa na elimu ya viungo havihesabiwi. Ofisi hukagua vyeti vya kigeni yenyewe, kwa hiyo kwa ajili ya NCAA hakuna haja ya kumlipa mtu wa kukubadilishia gredi za KCSE ziwe za Kimarekani. Chuo kinaweza kutaka tathmini ya nje kwa ajili ya udahili wake, na kikitaka kitakuambia.

Kinachowaangusha watoto wetu ni saa, na saa hii haina huruma. Kwa Divisheni ya Kwanza, masomo hayo 16 yanatakiwa yakamilike ndani ya miaka minne kuanzia mwaka wa tisa wa shule, ambao katika 8-4-4 ni kidato cha kwanza. Huku kwetu mtoto anayekimbia vizuri huhamishwa shule ili aiwakilishe nyingine, na mara nyingi akihamia anarudishwa kidato nyuma. Wengine hurudia kidato cha nne ili wapandishe gredi. Mzazi anaona ni nafasi ya pili, kumbe gredi za mwaka wa ziada zinaweza zisihesabiwe. Walimu wenzangu wa michezo, tafadhali, hili tuwaambie wazazi kabla ya kumhamisha mtoto.

Saa ya pili huanza kuhesabu baada ya shule. Katika riadha, Divisheni ya Kwanza humpa kijana takriban mwaka mmoja baada ya muda wa kawaida wa kumaliza sekondari. Akiendelea kushiriki mashindano baada ya hapo bila kujiunga na chuo, anaanza kupoteza misimu. Fikiria kijana wa hapa. Anamaliza kidato cha nne, anaingia kambi, anakimbia mbio za barabarani miaka mitatu akingoja meneja wa Ulaya, halafu akiwa na miaka 22 ndipo anakumbuka chuo. Kwa kasi yake kocha yeyote angemchukua. Kwa kanuni, sehemu kubwa ya miaka yake imeshaliwa. Hakuna alama ya SAT inayoweza kuirudisha.

Sehemu ya akaunti inayoshughulikia uridhaa inauliza hayo yote kwa kina: timu gani, mashindano gani, lini, ulipata fedha kiasi gani, kuna mtu aliyekuwakilisha? Hapo mpwa wangu alinifurahisha. Ana mkoba wa zamani chini ya kitanda, umejaa namba za kifua za kila mbio aliyokimbia, bado zina pini zake zilizoshika kutu, na nyuma ya kila namba ameandika kwa biro tarehe, mahali, nafasi aliyoshika na zawadi. Moja imeandikwa "wa 6, sufuria na 1,500". Tulizitandaza mezani kwa mpangilio wa miezi na tukajaza fomu nzima kutoka kwenye zile namba, bila kubahatisha lolote. Mwambie mtoto wako aanze leo. Majibu ya uongo au ya kukisia sehemu hii yanaweza kumgharimu kuliko gredi mbovu.

Kuhusu mawakala. Mmoja wa Eldoret, ambaye simtaji, alitaka tumlipe kozi ya SAT kwanza, kisha akate sehemu ya ufadhili utakapopatikana. Nilikataa palepale. Kanuni za NCAA zinaruhusu kulipia huduma ya kutafutiwa chuo, lakini malipo hayo yasitegemee mtoto kupata ufadhili wa michezo. Anayedai asilimia anahatarisha hadhi ya mtoto mwenyewe. Na hakuna chochote katika akaunti hii ambacho mzazi anayesoma Kiingereza, au mwalimu wa shule, hawezi kukijaza. Lugha yake ni ya kiofisi na inachosha, maelezo ya wanafunzi wa kimataifa yamewekwa mbali na ukurasa wa mbele, na istilahi nyingi zimeandikwa kwa mtoto wa Ohio. Ila ukienda taratibu, mambo yanafunguka.

Je, SAT basi iachwe? La. Hapa natofautiana na wanaosema imekufa. NCAA imeiondoa, lakini vyuo ni jambo lingine. MIT iliirudisha kwa udahili wake, Dartmouth, Yale na Harvard zikafuata, Chuo Kikuu cha Texas kule Austin nacho. Vyuo vya Ivy League, kama Harvard, Yale na Dartmouth, havitoi ufadhili wa riadha kabisa, vinatoa msaada kulingana na hali ya familia, na mwanariadha huko hupimwa kwa masomo yake. Mradi wa KenSAP, ulioanzishwa hapa Iten mwaka 2004 na John Manners pamoja na Mike Boit, umekuwa ukiwaandaa wanafunzi bora wa eneo hili kwa SAT na kuwapeleka vyuo vya namna hiyo, na katika kuwachagua umewahi kuwakimbiza mita 1,500. Boit mwenyewe alitoka kwenye shaba ya mita 800 Munich 1972, akasoma Marekani hadi shahada ya uzamivu, akawa profesa Chuo Kikuu cha Kenyatta.

Kuna sababu nyingine, ya pesa. Ufadhili wa riadha kwa kawaida hugawanywa vipande. Kwa miaka mingi timu ya wanaume ya Divisheni ya Kwanza ilikuwa na ufadhili 12.6 wa kugawia watu wote, wakimbiaji, warukaji na warushaji. Kocha anaweza kukupa nusu. Nusu nyingine lazima itoke mahali, na katika vyuo vingi inatoka kwenye ufadhili wa masomo, ambako SAT nzuri bado ina sauti. Kwa hiyo mtoto mwenye kichwa afanye.

Ila ajiandae bure. Khan Academy imekuwa ikitoa mazoezi rasmi ya SAT kwa ushirikiano na College Board, wenye mtihani huo, tangu 2015, na Bluebook, programu inayotumika kufanyia SAT yenyewe, ina mitihani kamili ya majaribio. Mtihani sasa ni wa kidijitali, saa mbili na dakika 14, alama 400 hadi 1600, na jibu likikosewa hakuna alama inayokatwa. Watoto wetu wamefunzwa kwa mkono: katika hisabati ya KCSE kuna maswali yanayokataza kikokotoo. SAT inaruhusu mwanzo hadi mwisho, na ndani ya skrini kuna Desmos, kikokotoo kinachochora grafu. Nilimwangalia mpwa wangu akihangaika na milinganyo miwili, mmoja wa kipeuo cha pili, akiigawanya vipengele pembeni kama nilivyomfundisha. Nikamwonyesha aiandike yote miwili kwenye Desmos. Mikunjo ikajichora, akagusa zilipokutana, jibu likatokea. Alinitazama kwa mshangao, kisha akaomba maswali mengine ya aina hiyo hadi stima ikapotea. Hisabati haikumsumbua tena. Kilichobaki ni usomaji: vifungu vifupi, kila kimoja na swali lake, msamiati mgumu. Hilo halitibiwi na kozi ya wiki chache, linatibiwa na kusoma Kiingereza kila siku kuanzia kidato cha pili.

Simu haikubaliki kwenye mtihani, ni laptopu au tableti, na ada kwa mwanafunzi wa nje inapita dola 100 kabla ya nauli ya Nairobi. Chuo kinaweza pia kutaka mtihani wa Kiingereza kama TOEFL au Duolingo, ambao ni shughuli nyingine na pesa nyingine. Muulizeni kocha kwanza chuo chake kinataka upi.

Kwa mtoto ambaye masomo yake 16 yana mapengo, vyuo vya miaka miwili vya NJCAA, chama cha michezo cha vyuo hivyo, ni njia ya heshima. Sally Kipyego alianzia South Plains kule Texas, akahamia Texas Tech, akasomea uuguzi huku akikusanya mataji tisa ya NCAA, na mwaka 2012 alichukua medali ya fedha ya mita 10,000 katika Olimpiki ya London.

Akaunti ya bure naipa nyota tano. Ya kulipia naipa nne, kwa aliye na kocha anayemtaka tu. Khan Academy pamoja na Bluebook, tano. Kozi za SAT zinazouzwa kwa vitisho sizipi hata moja.

Na kwa wazazi wa CBC: mwaka wa tisa wa watoto wenu uko shule ya junia, si shule ya sekondari ya juu. Ripoti za gredi ya 9, zenye muhuri wa shule na sahihi ya mwalimu mkuu, zichukueni kabla mtoto hajahama, mpige nakala na mzihifadhi pamoja na cheti cha kuzaliwa.