Elfu kumi na nane za milisho: tathmini yangu baada ya miezi mitatu

Nina nyumba ya wageni ya vyumba vitano huku Langoni, Lamu, na tovuti niliyoijenga mwenyewe kwa WordPress, programu ya kutengenezea tovuti. Nilinunua huduma ya kusambaza maandishi ya tovuti kwa milisho, yaani mafaili ya maandishi mapya ambayo tovuti nyingine huyachukua zenyewe, ili nipande kwenye orodha ya Google mtu anapotafuta. Naipa nyota mbili kati ya tano, na moja kati ya hizo ni ya adabu ya kijana aliyeniuzia. Jina la ofisi silitaji. Wako Malindi, wanatafuta riziki kama mimi.

Ilikuwa mwezi wa tano, kusi limeshika, vyumba vitupu. Nilikwenda Malindi kwenye arusi, na siku ya pili nikapanda ngazi za ofisi hiyo. Kijana akanivutia kiti, akafungua tovuti yangu kwenye kompyuta yake, akatikisa kichwa kama daktari. "Mama, kazi yako nzuri, lakini iko peke yake. Tutaiunganisha kwa milisho. Kila ukiandika, maneno yako yatatokea kwenye tovuti arubaini. Google akiona uko kila mahali, atakupandisha." Elfu sita kwa mwezi, miezi mitatu, zote mbele. Nikatoa simu nikamtumia kwa M-Pesa.

Nilichokuja kukijua baadaye, na kilichoniuma kuliko pesa, ni kwamba mlisho nilikuwa nao tangu siku ya kwanza. WordPress huutengeneza yenyewe bila kuombwa: andika anwani ya tovuti yako, malizia na /feed/, utauona. Ni faili tu yenye vichwa, tarehe na maandishi yako mapya, imepangwa ili programu nyingine iweze kuisoma. Mpango huo huitwa RSS, na si jambo jipya pia, ulianzia kampuni ya Netscape mwaka 1999, na kuna wakati watu wengi walisoma habari zao zote kwa njia hiyo, hata Google walikuwa na programu yao ya kusomea milisho, Google Reader, waliyoifunga Julai 2013. Kwa hiyo nilicholipia ni mtu kuchukua bomba langu mwenyewe na kulielekeza kwenye mashamba ya wengine.

Sasa nieleze ukurasa wenyewe, maana ndio uliokuwa unanilisha. Wageni wote huuliza Takwa, lile gofu la mji kule Manda. Mashua huingia kwa mkono wa bahari katikati ya mikoko, na hauingiliki ila maji yakijaa. Siku za bamvua, maji yanapojaa sana, unafika mpaka mwisho bila taabu. Siku za maji mafu, yanapojaa kidogo tu, unaweza kukwama njiani na ukamaliza safari kwa kutembea kwenye tope, viatu mkononi. Niliyaandika hayo yote: uondoke saa ngapi, urudi kabla ya saa ngapi, nahodha umuulize nini kabla hujampa pesa. Hakuna aliyekuwa ameyaandika kwa Kiswahili kwa namna hiyo. Mtu akitafuta Takwa na maji kujaa, nilikuwa wa tatu, siku nyingine wa nne. Na chini kabisa niliweka utani wangu: "Punda wetu Sultani huamka kabla ya mwadhini, na usingizi wenu ndio atakaouvunja."

Mwezi wa kwanza wa huduma nililetewa ripoti nzuri yenye rangi: viungo arubaini na mbili, yaani mahali pa kubofya kwenye tovuti za wengine, vinavyoelekea kwangu. Nikafurahi. Mwezi wa pili mtoto wa kaka yangu, anayesomea kompyuta, alikuja likizo. Akaniambia, "Shangazi, chukua sentensi yako moja, itie kwenye alama za kunukuu, kisha tafuta." Nikachukua ya Sultani.

Subhanallah. Tovuti kumi na moja. Mimi nilikuwa wa tano kwa sentensi ya punda wangu mwenyewe. Moja ilikuwa inauza fleti za Dubai: Sultani wa Langoni amesimama baina ya tangazo la bwawa la kuogelea na tangazo la mkopo. Tena siku niliyochapisha nilikosea kichwa, nikaandika "Tawka" badala ya Takwa. Kwangu nilisahihisha jioni ile ile. Kwao milisho ilikuwa imeshapita, na mpaka leo wote wamebaki na "Tawka". Hapo ndipo nilipohakikisha kuwa hakuna mtu anayesoma kule. Angekuwepo hata mmoja, angesema.

Kijana wa kaka akanifungulia Google Search Console, huduma ya Google inayomwonyesha mwenye tovuti kurasa zake ziko nafasi ya ngapi, ambayo ni bure na ambayo ofisi ile haikunitajia hata mara moja. Ukurasa wa Takwa ulikuwa umeshuka mpaka nafasi ya tisa, na juu yake kulikuwa na tovuti kubwa ya safari iliyobeba maneno yangu neno kwa neno. Kusema kweli siwezi kuapa kuwa milisho peke yake ndiyo iliyonishusha. Lakini jinsi mambo yanavyokwenda ni hivi: Google akikuta maandishi yale yale mahali pengi, kwa kawaida hamwadhibu mtu, ila huchagua nakala moja ya kuonyesha. Anaweza kuchagua ya mwandishi, anaweza kuchagua ya mwenye tovuti yenye nguvu zaidi. Na mimi ndiye niliyelipa ili awe na nakala za kuchagulia.

Vile viungo arubaini na mbili navyo ni hadithi. Zamani pengine vilisaidia. Google walibadilisha hesabu zao mwaka 2011 kwa Panda, iliyoshusha tovuti zenye maandishi duni ya kukusanya, na mwaka 2012 kwa Penguin, iliyolenga viungo vya kupandikiza. Kuuza huduma hii leo kwa ahadi ile ile ni kama kumuuzia mtu tiketi ya meli iliyokwisha ng'oa nanga.

Nyota ya pili naitoa kwa tovuti moja tu kati ya zote, ya watu wa safari walioko Nairobi. Wao hawakubeba maandishi mazima. Walichukua kichwa na mistari miwili, wakaweka kiungo cha kuja kwangu. Hapo walitoka watu hasa: familia mbili zilinipigia mwezi wa nane zikisema zimenisoma kule, na moja ilikaa usiku nne. Sijapanda kwa ajili ya kiungo kile kimoja, au kama nimepanda sijaona, lakini usiku nne ni usiku nne.

Nilimpigia kijana wa Malindi. Alisikiliza, hakunijibu vibaya, akasema Google huchukua muda, niongeze miezi mitatu. Nikamwuliza kama anaweza kuwaambia wale arubaini waweke alama ya kuwazuilia Google wasiziorodheshe nakala, maana hicho ndicho Google wenyewe wanachowashauri wabebaji wa maandishi ya wengine. Akanyamaza kidogo, akasema atauliza. Nikajua hawajui wale watu. Ni programu inayonyonya milisho usiku kucha.

Nilichofanya mwenyewe kilichukua dakika kumi. Kwenye mipangilio ya kusoma ya WordPress kuna mahali pa kuchagua mlisho utoe maandishi kamili au dondoo; nimeweka dondoo. Anayetaka habari za bamvua aje kwangu. Mlisho wenyewe sikuufunga, tumeupeleka Search Console kama ramani ya tovuti, yaani orodha ya kurasa za kumwelekeza Google, maana Google hupokea RSS hivyo, na kurasa mpya sasa huonekana upesi. Kuonekana, si kupanda. Ndia ni ile ile lakini si safari moja. Pia niliuandika upya ukurasa wa Takwa, nikaongeza picha za mkono wa bahari wakati wa kujaa na wakati wa kupwa, nilizopiga mwenyewe nimesimama ndani ya mashua. Umerudi nafasi ya nne.

Mwenye ile tovuti ya fleti nimemwandikia mara mbili amwondoe Sultani. Hajajibu.