Dawa za kupaka za fangasi wa ngozi: ipi ununue, ipi uiache dukani

Kwenye boksi la dawa ya fangasi kuna majina mawili. Lile kubwa ni la biashara. Lile la herufi ndogo, lenye asilimia mbele yake, ndilo la dawa yenyewe, na ndilo la kusoma. Tyubu tatu za rangi tofauti zinaweza kuwa zote klotrimazoli 1%. Chukua iliyo nafuu.

Kwanza jua unapambana na nani. Choa, kile kiduara chenye ukingo ulioinuka na magamba huku katikati pakianza kupona, huletwa na fangasi wanaokula keratini, protini ya ngozi, nywele na kucha: Trichophyton, Microsporum na Epidermophyton. Ndugu hao hao huwasha kinena na kuchubua kati ya vidole vya miguu. Mba wa mwilini, yale mabaka yaliyofifia au kukolea kifuani na mgongoni, ni kazi ya Malassezia, anayeishi kwenye mafuta ya ngozi zetu hata tukiwa wazima. Wekundu wenye unyevunyevu chini ya matiti au kwenye mikunjo, ukizungukwa na vipele vidogo, kwa kawaida ni Candida.

1. Terbinafini 1%: ya kwanza kwa choa, kinena na miguu

Huziba kimeng'enya ambacho fangasi hukihitaji kujenga utando wa seli yake. Mafuta yaitwayo skwaleni hurundikana ndani ya seli na fangasi hufa. Krimu nyingi za kundi la azoli, kama klotrimazoli, humdumaza tu, kisha husubiri ngozi ijibandue naye. Ndiyo maana terbinafini hupakwa mara moja kwa siku, wiki 1 kwa kati ya vidole vya miguu na wiki 1 hadi 2 kwa choa na kinena. Dhidi ya Candida haitegemeki.

Wengi huikimbia kwa sababu ya bei ya tyubu. Piga hesabu ya tiba nzima. Krimu iliyokamuliwa kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi mkunjo wake wa kwanza ni takriban gramu 0.5, na hutosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima, vidole vikiwemo. Eneo la kiganja kimoja, pamoja na sentimita 2 za ngozi nzima kuzunguka baka, linahitaji gramu 0.25. Kwa terbinafini, mara moja kwa siku kwa siku 14, ni gramu 3.5. Kwa klotrimazoli, mara mbili kwa siku kwa siku 28, ni gramu 14. Ukiwa na maeneo matatu kama hayo, klotrimazoli inafika gramu 42, yaani tyubu tatu za gramu 20, wakati terbinafini haimalizi tyubu moja ya gramu 15.

2. Klotrimazoli 1% au mikonazoli 2%: ukiwa huna uhakika

Hizi hugusa makundi yote matatu. Kati yao hakuna tofauti ya kukupotezea usingizi, ila anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asichukue mikonazoli bila kumuuliza mfamasia. Paka mara 2 kwa siku: wiki 2 kwa Candida, hadi wiki 4 kwa choa. Kinachoziangusha ni mtumiaji. Muwasho hukoma ndani ya siku chache, tyubu inawekwa kabatini, na fangasi aliyebaki huanza upya. Endelea angalau wiki moja baada ya ngozi kuonekana safi. Ukipaka sehemu za siri, kumbuka kwamba mafuta ya krimu hudhoofisha kondomu za mpira.

Kwa mba, orodha inageuka

Hapa shampuu ya ketokonazoli 2% ndiyo ya kwanza, kwa sababu kupaka krimu mgongo mzima ni kazi na ni ghali. Paka mwilini, acha dakika 5, suuza. Mara moja kwa siku kwa siku 5. Seleniamu salfaidi 2.5% ni mbadala mzuri: dakika 10, siku 7, ingawa harufu yake haipendezi. Rangi ya ngozi huchukua wiki kadhaa hata miezi kurudi. Baka lisilo na magamba tena si dalili kwamba dawa imeshindwa, kwa hiyo usikimbilie kununua nyingine.

Zinazofuata

Marhamu ya Whitfield, yaani asidi benzoiki 6% na asidi salisiliki 3%, ni ya zamani na nafuu. Hubandua ngozi ngumu, hivyo inafaa nyayo nene. Usoni, kinenani na kwenye vidonda inachoma. Tolnaftati 1% inafaa miguu, hasa ikiwa poda ya kukinga. Nistatini ni ya Candida tu; kwa choa ni pesa ya bure. Kitunguu saumu kibichi kilichofungwa juu ya ngozi huunguza, basi.

Ya mwisho: mchanganyiko wenye steroidi

Ukiona betamethasoni au klobetasoli, ambazo ni steroidi, kwenye boksi, rudisha, hata kama muuzaji anaisifu. Muwasho na wekundu vitapoa kwa siku mbili tatu kwa sababu steroidi imenyamazisha kinga ya ngozi, na hapo fangasi anatambaa bila kizuizi. Ukingo wa choa unapotea, mabaka yanapanuka, hata daktari anashindwa kukitambua. Kinenani huongezeka michirizi isiyofutika.

Pasipofaa krimu yoyote

Mapunye ya kichwani yanahitaji dawa ya kumeza, kama griseofulvini au terbinafini, kwa sababu fangasi yumo ndani ya shina la unywele. Kucha zilizoharibika hadi kwenye mzizi ni vivyo hivyo.

Kabla ya kulipa, angalia tarehe ya mwisho na kama mdomo wa tyubu bado umezibwa. Choa kisichotikisika baada ya wiki 2 za terbinafini iliyopakwa sawasawa huenda si fangasi, au ni aina sugu kama Trichophyton indotineae. Omba magamba yakwanguliwe na kupimwa kwa darubini. Sitisha kupaka siku kadhaa kabla, la sivyo kipimo kinaweza kutoka safi kwa uongo.