Kliniki ya mazoezi ya viungo kwa watoto wachanga: huduma tuliyopata kwa mkono wa binti yetu

Binti yetu alizaliwa kwa kuvutwa kwa vakyumu baada ya bega lake kukwama kwenye mfupa wa kinena, na tangu siku ile mkono wake wa kulia ulilala tu ubavuni, kiwiko kimenyooka na kiganja kimegeukia nyuma, ilhali wa kushoto uliruka kila aliposhtuka. Wakati wa kuruhusiwa kwenda nyumbani tuliambiwa kwamba utapona wenyewe. Alipofikisha wiki tatu tulimpeleka kwenye kliniki ninayoieleza hapa.

Nilichokithamini kuliko vyote ni uchunguzi wa kwanza. Kabla ya kuugusa mkono, mtaalamu aliuliza kama mtulinga ulipigwa picha, kwa sababu mfupa huo ukivunjika mtoto huacha kuutumia mkono hata kama neva ni salama. Akalinganisha kope zote mbili, maana moja ikilegea inaweza kuwa dalili kwamba neva za chini zimeng'oka kwenye uti wa mgongo, kisha akatazama kifua kinavyopanda na kushuka, kwani neva inayoendesha kiwambo cha kupumulia nayo hutoka shingoni. Mwisho alimgusa kiganja, na vidole vikafumba. Akatueleza kwamba kati ya mizizi 5 ya neva za mkono, iliyovutika ni ile 2 ya juu. "Mama, si kosa lako," aliongeza, nami sikuwa nimemwuliza.

Zoezi kuu ni kukunja kiwiko, kukigandamiza ubavuni na kuugeuza mkono kwa nje polepole, kila tunapombadilisha nepi. Alinifanyisha mwenyewe mbele yake hadi mikono yangu ikaacha kutetemeka. Alitufundisha pia kwamba mkono ulioumia hutangulia kuvishwa nguo na huwa wa mwisho kuvuliwa, na kwamba mtoto hanyanyuliwi kwa makwapa.

Kasoro ninayoiona kubwa ni kwamba habari ya kikomo cha umri wa miezi mitatu tuliipata katika ziara ya tatu, tena baada ya kuuliza. Watoto wengi hupona bila upasuaji, lakini ambaye hajaweza kukunja kiwiko kufikia umri huo anapaswa kuonwa na daktari bingwa wa upasuaji wa neva za mkono, kwa kuwa neva hukua takriban milimita 1 tu kwa siku, na msuli uliokosa neva kwa muda mrefu hunyauka. Maneno hayo yalistahili kuandikwa juu kabisa ya karatasi ya mazoezi tuliyopewa siku ya kwanza, kwa ajili ya mzazi asiyejua la kuuliza.

Wetu alikunja kiwiko katika wiki ya kumi, akapeleka ngumi mdomoni. Bega bado haliinuki vizuri, hivyo tumeomba miadi ya karibu zaidi kuliko ile ya kila mwezi, na tumepewa.