Mwaka mmoja na kopo la akriliki: bodi za taa za dagaa dhidi ya chumvi

Nafanya ufundi wa elektroniki Nungwi, kaskazini mwa Unguja, na zaidi ya nusu ya kazi zangu zinatoka baharini. Wavuvi wa dagaa huvua usiku wa giza kwa taa za LED zinazotumia betri, na kila taa ina bodi yake ndogo ya kudhibiti umeme. Mbaamwezi ikiingia vyombo hukaa pwani, na ndipo meza yangu hujaa. Kwa miaka nilitengeneza bodi zilezile. Natoa transista iliyoungua, yaani kipuri kinachowasha na kuzima umeme, natia nyingine, giza linalofuata taa inarudi.

"Mwanangu, mbona hii imekufa tena?" Nahodha mmoja mtu mzima aliniuliza hivyo mara ya tatu, taa kaishika mkononi. Sikuwa na jibu la kumpa. Mzee wa watu kalipa mara tatu kwa kitu kimoja, na hilo liliniuma. Wiki ile ile nikaagiza dawa ya kupulizia bodi.

Niliyonunua ni MG Chemicals 419D, kopo la gramu 340. Ni vanishi angavu ya akriliki, aina ya plastiki. Ukiipuliza inakauka na kuacha ngozi nyembamba juu ya bodi nzima. Unene unaotakiwa kwa akriliki ni mikromita 30 hadi 130, yaani takriban nusu ya unene wa unywele hadi karibu nywele mbili. Ilikuja kwa meli, kwa kuwa makopo ya gesi inayoshika moto hayapandi ndege kirahisi, kwa hiyo anayetaka aagize mapema.

Kabla sijasema ilivyonifaa, lazima nieleze bodi zinakufaje huku kwetu. Nyingi ninazofungua hazijawahi kuguswa na wimbi. Upepo unaleta chembe za chumvi, zinatua juu ya bodi, zinangoja. Unyevu wa hewa ukifika asilimia 75, chumvi ya kawaida inavuta maji hewani hadi inayeyuka yenyewe, na ile ya bahari ina magnesi kloraidi inayoanza kuvuta mapema zaidi. Usiku wa pwani unapita kiwango hicho bila shida. Sasa bodi ina utando wa maji ya chumvi, na juu yake umeme wa volti 12. Shaba na risasi ya kulehemea zinaanza kuliwa kwenye pini moja, yaani mguu wa kipuri, na kuhamia pini ya jirani, na kuotesha mizizi myembamba hadi pini mbili zinagusana. Transista inaungua, na mwenye taa anaambiwa betri ndiyo mbovu.

Bodi yangu ya kwanza, ya taa ya yule nahodha, niliipangusa kwa kitambaa kikavu, nikaipuliza, ikatoka inang'aa kama mpya. Haikumaliza wiki tatu. Nilipoiweka chini ya lenzi niliona malengelenge madogo kando ya pini za transista, na ndani ya kila lengelenge kijani cha kutu ya shaba. Ngozi ya akriliki ilikuwa nzima kabisa, na kutu ilikuwa chini yake. Dawa haikuwa na kosa, kosa lilikuwa langu. Nilifungia chumvi ndani. Hakuna vanishi inayozuia mvuke wa maji kabisa. Unapenya polepole, na ukikuta chumvi chini unajikusanya hapohapo na kuinua ngozi.

Kwa hiyo nawaambia mafundi wenzangu: kazi kubwa iko kwenye kuosha. Na msikimbilie alkoholi peke yake, maana alkoholi ya aisopropili inatoa fluksi (dawa ya kulehemea inayobaki juu ya bodi) na mafuta lakini chumvi haiyeyushi sawasawa. Chumvi inatolewa na maji. Natumia maji ya betri, yale safi yasiyo na asidi, kwa kuwa maji ya visima vyetu yenyewe yana chumvi. Nasugua kwa mswaki laini, nasuuza mara mbili, ndipo naingia na alkoholi ya asilimia 99, ambayo pia inafukuza maji yaliyobaki chini ya vipuri. Kisha bodi inalala kwenye sanduku lenye balbu ya kizamani ya joto hadi asubuhi.

Kupuliza ni dakika chache. Naziba konekta (plagi za kuunganishia waya), swichi, rilei (swichi ya sumaku) na sehemu inayogusana na bati la kupoza joto kwa tepu ya karatasi, kisha napuliza tabaka tatu nyepesi nikigeuza bodi robo mzunguko kila mara. Fanyeni mahali pa wazi, mbali na moto, na msifanye siku ya mvua. Mara moja nilifanya wakati wa masika na ngozi ikatoka na ukungu mweupe, nikalazimika kuitoa yote.

Ninachokipenda zaidi ni kwamba dawa hii inawaka buluu chini ya taa ya zambarau. Ile taa ya kukagulia noti dukani inatosha. Unazima taa za chumba, unaona kila mahali palipokosa: ubavu wa kapasita mrefu, ncha kali za pini zilizokatwa. Hapo narudia kwa brashi ndogo.

Kutengeneza bodi iliyopakwa si taabu. Ncha ya chuma cha kulehemea inapenya, au natoa sehemu ndogo kwa pamba yenye asetoni. Lakini uzuri huo ndio udhaifu wake, maana petroli na thina vinailainisha. Bodi zinazokaa karibu na mashine ya boti nazipaka vanishi ya poliyurethani, ingawa kuibandua ni kazi ya kuchosha.

Wala isichukuliwe kwamba bodi sasa inaweza kuogelea. Taa moja ilipasuka mpira wake wa kuzuia maji ikajaa maji ya bahari. Bodi ilipona, lakini pini za konekta, ambazo hazipakwi, ziliota kutu mpaka zikakatika. Tangu siku hiyo kila konekta naitia grisi ya silikoni na kuukaza mpira upya.

Taa ya yule nahodha niliivua ngozi, nikaiosha na kuipaka upya. Imepita masika na vuli haijarudi. Juzi kaniletea nyingine 6 za chombo chake, zote zinawaka, anataka zipakwe kabla ya giza. Kopo limebaki robo. Kwa bodi ndogo hizi litanitosha.