Fremu ya miwani "inayojirudi", imenikatikia baada ya miezi 14

Nilinunua hii fremu duka moja la miwani hapa Mtwara mjini, jina naliacha, 85,000 bila lenzi. Muuzaji alichukua mkono wa miwani akauzungushia kidoleni, akaachia, ukanyooka kama haujaguswa, nikalipa palepale. Na kusema kweli ni fremu nzuri, nyepesi, haibani kichwa, mi nashinda ghala la korosho jasho linatiririka na haijashika kutu hata nukta. Mtoto kaikalia mara mbili ikarudi yenyewe.

Sasa juzi naivua tu nifute vumbi, mkono ukabaki mkononi. Haikudondoka, haikupinda, kimya kimya tu pwa!

Nikampelekea mjomba, yeye kafundisha ufundi vyuma miaka mingi, akaweka lenzi ya kukuzia pale palipokatika akaniita nione. Upande mmoja laini unang'aa, upande wa pili umechanika kwa fujo kama sukari guru iliyovunjwa. Akasema ule ulaini ndo ufa ulikuwa unatembea taratibu miezi yote hiyo, ule mchaniko ndo siku ya mwisho, chuma kilichobaki hakikutosha kubeba. Na ufa ulipoanzia pana mkwaruzo wa plaizi! Nikakumbuka pale dukani walinikazia karibu na bawaba kwa plaizi tupu bila hata kipande cha plastiki, hilo limeniuma sana.

Chuma chenyewe ni nitinoli, nikeli na titani karibu nusu kwa nusu, kilitoka maabara ya jeshi la majini Marekani. Ukikipinda mpangilio wa atomi zake unageuka, ukiachia unarudi, ndo maana kinaweza kuvutika mpaka kama asilimia 8 kikarudi wakati chuma cha kawaida hata asilimia 1 hakifiki kabla hakijapinda moja kwa moja. Lakini kwenye ncha ya mkwaruzo mvutano wote unajazana hapo, kila ukipinda panageuka na panarudi, na sio yote inarudi, kidogo inabaki imegeuka, ufa unasogea unywele mmoja, kesho tena. Kujirudi sio kutochoka jamani, hivi ni vitu viwili na dukani wanakuuzia kama kimoja. Na mi kila aliyeuliza nilikuwa namzungushia kidoleni kama yule muuzaji, kumbe ukikunja kwa duara dogo hivyo ndo unakivuta zaidi kuliko kupinda kidogo tu.

Kuchomea msihangaike, gesi ya sonara inakiharibu, kinakuwa cha kuvunjika. Mkono peke yake dukani hawana, wanasema nunua fremu nzima.

Nyota tatu, na nitanunua tena hiyohiyo, ila marekebisho wafanye mbele yangu na plaizi ivalishwe plastiki. Wenye nayo pitisheni ukucha karibu na bawaba, ukinasa irudisheni mapema.