Ledger Nano S Plus: kabla hujasema kimekufa, badilisha waya

Nikiulizwa kama Ledger Nano S Plus, kidude cha kutunzia funguo za sarafu za kidijitali, inafaa kununuliwa, jibu langu ni ndiyo, lakini tenga na pesa ya waya mzuri wa akiba. Natengeneza simu na laptopu hapa Mombasa, na tangu vijana wa kazi za mtandaoni waanze kulipwa kwa USDT, sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola, vidude hivi vimekuwa vikipita mezani kwangu pamoja na simu za vioo vilivyopasuka. Mwenyewe pia ninacho. Kwa hiyo haya ni maneno ya mtumiaji na ya fundi kwa pamoja, na mengi yanahusu yale makosa yanayotokea kwenye skrini na kumtoa mtu jasho usiku wa manane.

Kifaa chenyewe kilitoka mwaka 2022, miaka sita baada ya Nano S ya kwanza. Kina umbo la flashi diski, kifuniko cha chuma kinachozunguka, vitufe viwili na skrini ndogo isiyo na rangi. Mtu aliyevuka hamsini atatafuta miwani. Hakina betri wala bluetuthi, maana yake bila waya wa USB-C hakiwaki. Wengine wanaona hilo ni kasoro. Mimi nalipenda, kwa sababu kwenye vyombo ninavyofungua kila siku betri ndiyo hufa kwanza.

Kazi yake ni mbili tu: kutunza funguo za siri na kusaini miamala. Sarafu hazimo ndani, ziko kwenye blokucheni, lile daftari la pamoja la mtandaoni. Nalisema hili mara nyingi sana kwa wateja, kwa sababu nusu ya hofu zao inatoka hapo. Ukifuta programu ya Bitcoin kwenye kifaa ili upate nafasi, bitcoin zako hazijaguswa. Irudishe programu, salio utalikuta. Nano S ya zamani iliwasumbua watu kwa nafasi finyu, programu chache tu na imejaa. Hii ya Plus, kwa mujibu wa Ledger wenyewe, inabeba hadi programu 100, kwa hiyo mambo ya kufuta na kurudisha yamepungua.

Sasa makosa. Linaloongoza ni kompyuta kutokiona kifaa. Skrini inawaka, PIN inaingia vizuri, lakini Ledger Live, programu ya Ledger ya kompyuta na simu ambayo mwaka 2025 ilibadilishwa jina ikawa Ledger Wallet, inazunguka tu ikitafuta. Kuna dada mmoja anayechora nembo za wateja wa ng'ambo, alinijia amefura.

"Fundi, hiki kitu feki. Nataka pesa zangu."

"Pole dadangu. Hebu nione waya unaotumia."

Akatoa waya mweupe, mwembamba, uliokuja na taa ya kuchaji. Waya wa namna hiyo ndani una nyuzi za umeme peke yake. Zile za data hawakuziweka, ni njia ya kupunguza gharama kiwandani. Umeme unapita, ndiyo maana skrini inawaka na kukudanganya kwamba kila kitu kiko sawa. Nikautumia waya uleule kuunganisha simu yake na laptopu yangu: simu ikaanza kuchaji, lakini haikuuliza lolote kuhusu kuhamisha mafaili, na kompyuta haikuonyesha kitu. Hicho ndicho kipimo, na unaweza kukifanya nyumbani bila kumlipa mtu. Nikachomeka waya wangu, kifaa kikaonekana papo hapo. Waya uliokuja nacho kwenye kisanduku ulikuwa nyumbani, haujafunguliwa hata ile karatasi. Watu wengi hufanya hivyo, wanautunza ule mzuri.

Waya ukiwa mzima na bado hakionekani, angalia mengine. Kichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, usipitie kile kigawanyaji cha tundu nne. Funga programu nyingine zinazokishika. Ukiwa umefungua Ledger Wallet na wakati huohuo MetaMask, pochi ya sarafu inayokaa kwenye kivinjari, viwili hivyo vinagombania kifaa kimoja na hakuna anayekipata. Ukitumia MetaMask, ingia kwa Chrome, Brave au Edge, kwa kuwa Firefox haina njia ya kuzungumza na kifaa cha USB ambayo pochi hizi zinaihitaji. Wenye Linux wana shughuli ya ziada, lazima waweke kanuni za udev ndipo mfumo uruhusu programu kukigusa kifaa. Kwenye Android kinafanya kazi kwa waya wa OTG, ule wa kuchomeka vifaa kwenye simu, ila simu nyingine zinataka uiwashe OTG kwenye mipangilio, na zinaizima zenyewe ukikaa kidogo bila kuitumia. Mtu anasema "jana kilikubali, leo kimekataa", na kumbe ni simu.

Halafu zipo namba za makosa. Hapa nawaelewa wanaokasirika, kwa sababu mtu wa kawaida akiona 0x6985 anafikiri ameibiwa. Hiyo maana yake ni kwamba muamala umekataliwa kwenye kifaa, mara nyingi ni wewe umebonyeza kukataa badala ya kukubali. 0x5515 ni kifaa kimejifunga, ingiza PIN. 0x6511 ni kwamba hujafungua programu ya sarafu husika, uko bado kwenye ukurasa wa mwanzo wa kifaa. Hakuna hata moja kati ya hizo inayohusu pesa zako kupotea. Nimewaandikia vijana kadhaa hizi tatu kwenye karatasi wakabandika ukutani.

Ya nne inahitaji maneno zaidi. 0x6a80 hutokea sana kwenye blokucheni ya Ethereum pale tovuti inapokutaka usaini mkataba janja, yaani programu inayojiendesha kwenye blokucheni, ambao kifaa hakiwezi kuusoma. Ushauri utakaoupata kila mahali ni uende kwenye mipangilio ya programu ya Ethereum ndani ya kifaa na kuruhusu usainishaji wa upofu (blind signing). Ukifanya hivyo kosa linaondoka, kweli. Lakini fikiria umeruhusu nini: utakuwa unatia sahihi kitu ambacho skrini yako haikuonyeshi kwa ukamilifu, unategemea maneno ya ukurasa wa kompyuta. Februari 2025 soko la sarafu za kidijitali la Bybit lilipoteza takriban dola bilioni 1.5 kwa njia hiyo. Ukurasa waliokuwa wakiutumia kusaini kwa pamoja ulikuwa umechezewa, ukaonyesha uhamisho wa kawaida, na mkuu wao Ben Zhou akaweka sahihi ya mwisho kwa Ledger yake. Kifaa hakikuvunjwa. Kilisaini kile kilichoombwa kusaini. Mimi usainishaji huo nauacha umezimwa, na nikiuwasha kwa ajili ya tovuti ninayoijua, nauzima kabla sijachomoa waya. Anayeweka tu USDT zake na kuzituma hana haja nao kabisa.

Na tukizungumzia kutuma USDT, hapa kuna lawama ambayo kifaa hubebeshwa bure. Salio unaliona, mathalani USDT 200 kwenye blokucheni ya Tron, na kila ukijaribu kutuma inagoma. Ada ya Tron hailipwi kwa USDT, inalipwa kwa TRX, sarafu ya Tron yenyewe. Pochi isiyo na TRX ni kama matatu iliyojaa abiria bila mafuta. Tena kiasi kinachotakiwa hakilingani. Kutuma USDT kwa anwani ambayo tayari ina USDT hutumia nishati ya mtandao (kipimo ambacho Tron hukitumia kukokotoa ada) ipatayo 65,000, lakini ukimtumia mtu ambaye anwani yake haijawahi kushika USDT, inapanda hadi 130,000 hivi, maradufu. Ndiyo sababu jana ulimtumia kaka yako bila shida na leo kwa mteja mpya TRX zilezile hazitoshi. Kwenye Ethereum hadithi ni hiyohiyo, ila ada ni ETH. Ukinunua USDT kwa mtu na kulipa kwa M-Pesa, mwambie akuongezee na TRX kidogo. Wengi wanakubali.

PIN ni ya tarakimu nne hadi nane, na ukikosea mara tatu kifaa kinajifuta. Watu wakisikia hivyo wanashtuka, na bila sababu, mradi wanayo maneno 24 ambayo kifaa huwapa siku ya kwanza ili wayaandike kwenye karatasi, kwa kuwa hayo ndiyo yanayorudisha pochi. Trezor, washindani wa Ledger, wana utaratibu mwingine, wanakuongezea muda wa kusubiri kila ukikosea na kufuta baada ya makosa mengi zaidi ya matatu. Kwa mwenye mkono mzito au watoto wanaochezea vitu, huo wa Trezor una huruma zaidi.

Kurejesha kwa maneno 24 ndiko kunakochosha, kwa vitufe viwili unachagua herufi mojamoja. Lakini kuna urahisi usiojulikana sana: maneno yote yanatoka kwenye orodha moja ya maneno 2048, na herufi nne za mwanzo zinatosha kulitofautisha kila neno na mengine. Kama mwandiko wako umefifia mwishoni mwa neno, soma zile nne. Kifaa kikikuambia maneno si sahihi, usidhani umepotea. Neno la 24 limebeba biti 8 za kuhakiki yaliyotangulia, kwa hiyo kosa dogo la mpangilio, la 7 na la 8 kubadilishana nafasi, kwa kawaida linatosha kukataliwa. Angalia kama uliandika kwa safu kwenda chini au kwa mstari kwenda kulia. Karatasi nyingi ninazoziona tatizo lao ni hilo.

Na kikikubali lakini salio ni sifuri? Kwanza uliza kama uliwahi kuweka neno la siri la ziada juu ya yale 24. Neno hilo halina kosa wala sahihi, kila utakaloandika linafungua pochi yake, hata ukikosea herufi moja tu, na pochi hiyo itakuwa tupu. Pili, kwa Bitcoin, angalia aina ya akaunti. Programu hukuonyesha kwanza anwani zinazoanza na bc1, na kama zako ni za zamani zinazoanza na 1 au 3, inabidi uiambie ionyeshe aina nyingine.

Kinachonitia wasiwasi kuliko haya yote ni mahali mtu anapokwenda kuuliza akiona kosa. Mwaka 2020 hifadhidata ya wateja wa duka la Ledger ilivuja, na Desemba mwaka huo ikamwagwa hadharani: barua pepe zipatazo milioni moja, na watu 272,000 hivi wakiwa na majina, simu na anwani za nyumbani. Baadaye wengine walitumiwa hadi vifaa bandia kwa posta. Novemba 2023 programu bandia ya Ledger Live ilikutwa kwenye duka la Microsoft lenyewe, na watu waliliwa. Kwa hiyo yeyote atakayekwambia uandike maneno 24 kwenye simu au kompyuta ili "kurekebisha kosa" ni mwizi, hata akiwa na nembo na lugha tamu. Hata mimi fundi, ukiniletea karatasi yako nitakwambia uirudishe mfukoni. Hakuna kosa hata moja kati ya niliyoyataja linalohitaji mimi niione.

Mwenye iPhone peke yake asinunue hii, haiungani nayo kabisa. Achukue Nano X yenye bluetuthi, ingawa hapo ndipo utakuja kuniona kwa ajili ya betri. Wengine, agizeni Ledger wenyewe au kwa wauzaji waliowaorodhesha, na ushuru wa forodha uingizeni kwenye hesabu. Kuna duka mjini lililomuuzia mteja wangu kifaa kikiwa na kikaratasi chenye maneno 24 yaliyokwisha kuchapishwa na PIN tayari imewekwa, akaambiwa ni kumrahisishia. Kifaa kipya hakina PIN, na maneno unayaona wewe kwa mara ya kwanza kwenye skrini yake, ukiyaandika kwa mkono wako. Kikija vinginevyo, kirudishe siku hiyohiyo kabla hujaweka hata shilingi.