Vijiti vya kupima sumu ya mwani: mstari ukififia, zima pampu

Tuna kioski cha maji upande wa Kendu Bay, kwenye Ghuba ya Winam. Maji tunayavuta ziwani, yanapita kwenye kichujio cha mchanga, tunatia klorini, kisha tunauza kwa mtungi. Mimi ni katibu wa kamati, na nimekuwa mhudumu wa afya ya jamii kwa miaka mingi, kwa hiyo kushika kipimo cha haraka si jambo geni kwangu. Maji yalipogeuka kijani kizito kama rangi ya kupaka mlango, na upepo ukausukuma utando wake hadi kwenye bomba letu la kuvutia, kamati iliniruhusu ninunue boksi la vijiti vya kupima mikrosistini, sumu ya mwani huo wa kijani, inayoshambulia ini. Vijiti vitano, karibu shilingi 25,000 pamoja na usafirishaji. Hizo ni pesa za mitungi mingi sana, ndiyo maana naandika.

Kwanza mistari. Sisi tuliozoea kipimo cha malaria tunajua mistari miwili ni ugonjwa. Hapa ni kinyume kabisa. Kwenye ukanda kuna chembe zenye rangi zinazoshika sumu. Maji yakiwa hayana sumu, chembe zinafika kwenye mstari wa pili na kunasa hapo, mstari unakolea. Maji yakiwa na sumu, chembe zimeshashikana nayo njiani, na mstari unafifia mpaka unapotea. Kijana wetu wa pampu alipoona mstari mmoja alifurahi: "Mama, tuko sawa, haina kitu." Nikamwambia, "Hapana mwanangu, huo mmoja ndio mbaya. Kazime pampu kwanza." Maelezo ya ndani ya boksi yanalisema hili, lakini kwa Kiingereza na kwa herufi ndogo mno. Jambo kama hili lilistahili picha kubwa juu ya kifuniko.

Sasa kuhusu boksi lenyewe. Nilimweleza muuzaji wazi kwamba nataka kupima maji ya ziwa. Akatuletea boksi la maji yaliyokwisha kusafishwa. Tofauti si ya jina. Sehemu kubwa ya mikrosistini hukaa ndani ya seli za mwani huo wakati zingali hai, na kijiti huona tu ile iliyo nje, ndani ya maji. Boksi la maji ghafi huja na dawa ya kupasua seli. Letu halikuwa nayo. Nilipima maji ya ziwa jinsi yalivyo, mstari ukafifia kidogo, nikasoma karibu mikrogramu 1 kwa lita. Nikachukua maji yale yale, nikayaweka kwenye friza ya jirani anayeuza samaki, yakaganda, nikayayeyusha, nikarudia mara tatu. Barafu hupasua seli. Nilipopima tena, mstari wa pili haukuwepo kabisa, maana yake imepita 5, ambacho ndicho kikomo cha kijiti. Chupa moja, majibu mawili. Ningeishia kwenye jibu la kwanza, ningewaambia watu uongo nikiwa na nia njema.

Maji ya bombani kwetu, baada ya kichujio na klorini, yalisoma karibu 1. (Kabla ya kupima maji yenye klorini, iondoe kwanza kwa thiosulfeti, la sivyo inaharibu kipimo.) Shirika la Afya Duniani linataka mikrosistini isizidi 1 kwa maji ya kunywa ya siku zote, na 12 kwa muda mfupi. Hatukuwa hatarini papo hapo, lakini sikutaka mtoto achanganyiwe uji kwa maji hayo wiki baada ya wiki. Tulisogeza bomba la kuvutia mbali na utando na kulishusha chini zaidi, na kijiti cha nne kikatoa mstari uliokolea vizuri. Hapo ndipo nilipoona pesa yetu imefanya kazi.

Akina mama wengi waliniuliza kwa nini tusichemshe tu. Kuchemsha hakuiondoi sumu hii. Mwaka 2014 mji wa Toledo kule Marekani, kando ya Ziwa Erie, uliwazuia watu takribani 400,000 kunywa maji ya bomba, na waliambiwa wazi wasichemshe.

Kijiti hiki kinaitambua familia moja tu. Mikrosistini ziko za aina zaidi ya 200 na zinashiriki kipande kimoja cha molekuli, ndicho kinachonaswa. Ni ipi hasa, hakijui. Na anatoksini, ambayo hushambulia neva badala ya ini, hakiioni hata kidogo. Hilo si la mbali: kwenye chemchemi za moto za Ziwa Bogoria watafiti walikuta mikrosistini na anatoksini pamoja, pale heroe wanapokunywa. Kwa hiyo mistari miwili haimaanishi maji hayana sumu nyingine. Kutenganisha moja moja ni kazi ya maabara yenye mashine ya kupima uzito wa molekuli. Tulipeleka chupa moja, ya kioo na si ya plastiki, kwa sababu sumu hii hugandia plastiki. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu: mikrosistini za aina tatu, nyingi ikiwa aina iitwayo RR, ambayo sumu yake ni hafifu kuliko ya aina nyingine iitwayo LR, na anatoksini haikuonekana. Wiki tatu ni muda mrefu kwa mtu mwenye kiu, na kijiti kilinipa jibu asubuhi ile ile.

Kabla hujatumia hata kijiti kimoja, jaza chupa angavu maji ya ziwa uiache usiku kucha bila kuitikisa. Asubuhi, kijani kikiwa kimepanda na kutanda juu, huo ndio mwani wa kushuku, pima.

Natoa nyota nne kwa kijiti, mbili kwa maelezo yake. Mara nyingine tutaagiza boksi la maji ghafi, tuchangie gharama na kioski cha ufuo wa pili, na tuongeze vijiti vya anatoksini, kwani vipo. Kimoja tulichobaki nacho kiko kwenye droo ndani ya pakiti yake, mbali na jua. Tutakifungua utando ukirudi kwenye bomba.